Magnezium na Mbuzi ya Muyomba

Lubumbashi, Kampemba
Jumamosi, siku ya posho, nyuma ya kula

Yaya yangu mupenzi Bernadette,

Mbele ya salamu, mbele ya kuuliza magoti yako na mbuzi zako, ujue neno hii moja: mudogo yako Ngoie njo muntu wa bahati kupita bantu bote ba Lubumbashi, na bakubwa ba migodi ndani. Nimeachana na woga. Imekwisha. Ilikuwa inaikala mu kifua yangu kama mupangaji mubaya mwenye kukataa kutoka, na sasa imebeba godoro yake, imeenda. Nafikiri ilipanda lori ya Kasumbalesa, leo iko inasumbua bantu ba Zambia. Mimi nalala, naamka, nakula, nacheka. Bengine banatafuta bahati mu udongo na beleshi. Miye niliipata ku famasi, ndani ya kisanduku cha karatasi.

Sasa salamu, nisisahau adabu yenye mama alitufundisha. Uko namna gani, Yaya? Magoti inakuachilia kidogo wakati unapanda ku shamba? Karanga imetoka? Ile mbuzi nyeusi yenye kujifanya chifu ya kijiji, iko hai ao mulishaikula? Huku sisi tuko, Mungu aksanti. Bibi yangu Charlotte analalamika, maana yake iko muzima. Ruth na badogo yake banakula bukari kama bantu banatoka kuchimba shimo. Mutoto yako Solange, tangu anaikala kwetu, anang'aa, na utaona juu ya nini. Nitajikaza kukuandikia Kiswahili ya masomo, ile nilijifunza mpaka mwaka wa sita, mbele sijaacha masomo ili nayo ipumzike.

Patient, yule chauffeur wa lori ya mahindi, alinifikishia maneno yako ku mulango wa depo. Angeniambia pembeni, lakini unamujua, ana sauti ya kuita bantu ng'ambo ya mto. "Ngoie! Yaya yako wa Mitwaba anasema umutumie ile dawa ya woga!" Depo muzima iligeuka. Kisha alishusha sauti, akaniambia yenye kubaki: kwamba tangu kifo ya shemeji, roho yako inaanza kukimbia bure, hata saa ya muchana, hata ukiwa unatwanga majani ya sombe, na unaweka mutwango chini unangojea ipite. Hiyo hukuniambia, Yaya. Nilichekesha Patient kidogo, kisha nilienda kukaa nyuma ya choo ya depo.

Basi barua hii ni juu ya dawa. Na ni juu ya mahari ya Solange, yenye hukuweza kufika juu mvua ilikata barabara. Naandika yote mbili pamoja juu yote mbili iliingia mu tumbo moja, na tumbo ile ni yangu. Najua habari itakufikia kwa midomo ya bantu. Afadhali uipate kwangu, mwenye tumbo.

Nianze na kazi. Unajua niko ku depo ya madini, kule banaleta mawe mu magunia, tunaimwanga, tunapima, tunafunga tena. Miye niko karibu na bakubwa, usione mavumbi ku viatu. Hata kapita wetu Musonda, mwenye kutusimamia, anashangaa: kila lori ikifika na banaanza kupanga magunia, simu yangu inalia. Natoka nje, naongea, mukono mumoja kiunoni.

"Ngoie," kapita anasema, "bantu yako bakubwa banajuaje saa ya lori?"

"Kapita, muntu wa maana hachagui saa. Saa njo inamuchagua."

Anatikisa kichwa. Ananiheshimu sana yule muntu.

Lakini kuko kitu sikukuambia. Mwanzo wa mvua iliyopita, ukuta ya magunia ilianguka. Magunia ya mawe, Yaya, haiko ya pamba. Yenye kuwa chini ilikuwa na tundu, mawe ilitoka polepole, na ile ya juu ilishuka yote. Nilikuwa pale. Nilibaki chini yake muda wa Salamu Maria kumi. Najua ni kumi juu nilizisema, na ku ya saba nilipotea nikarudia. Balinitoa, hakuna mufupa ulivunjika, hakuna damu, kofia yangu tu njo ilikufa. Nilisimama, nikapiga kifua, nikasema, "Munaona? Mawe ilinigusa, ikaogopa." Bantu bote bakacheka. Nami nikacheka.

Kisha siku ya Mungu nilienda ku misa. Bantu balijaa, mulango ukafungwa juu ya mvua, na roho ikaanza: dududu, dududu. Mikono ikatoka jasho. Pumzi ikawa fupi kama ya muntu anapanda kilima na gunia ku kichwa, na miye nimekaa tu, nimevaa vizuri. Nilitoka nje nikajifanya nakohoa. Siku ya Mungu yenye kufuata nilisimama karibu na mulango. Yenye kufuata, nje ya mulango. Charlotte, mwenye kuona kila kitu, akauliza, "Baba Ruth, tangu lini unasali na mvua?"

Nikamujibu hewa ya nje inapandisha sala mbio. Hakucheka. Alinishika mukono kama mutoto wa chekechea, akanipeleka kwa Mama Astride.

Mama Astride iko na famasi ndogo karibu na soko yetu. Bazazi yake ni ba Kasai, yeye alizaliwa hapa hapa Kampemba, alikuwa infirmière, muuguzi ku hospitali, miaka mingi mbele ya kufungua famasi. Ni mama munene, miwani ku paji ya uso, hakuna uongo unapita mbele yake bila kusimamishwa. Alinipima tension ya damu. Aliniuliza usingizi, figo, dawa ingine yenye nakunywa.

"Kahawa unakunywa ngapi ku siku?"

"Kama bakubwa banakunywa."

"Anakunywa bikombe sita," Charlotte akasema.

"Sita!" Mama Astride alishusha miwani. "Baba, mwenye roho inakimbia, unamupa tena fimbo?"

Kisha akatoa kisanduku. Akasema hii ni magnezium. Yaya, nilicheka mpaka bateja bakageuka. Miye, muntu wa Katanga, nimebeba mawe ku bega miaka yote, nimekula mavumbi yake na bukari, sasa bananiambia nimeze madini tena, na maji! Nikamwambia, "Mama, mwili yangu iko tayari mugodi. Tuite bachimbaji, tusiongeze."

"Sikiliza, badala ya kucheka," akasema. "Hii haiko dawa ya woga. Nisikie vizuri. Mwili ikikosa magnezium, misuli inakaza, usingizi unakimbia, muntu anashituka bure. Ukiongeza, inaweza kukusaidia kidogo. Inaweza pia kukosa kukusaidia. Kimoja ku siku, nyuma ya kula. Kimoja. Punguza kahawa. Kula maharage, karanga, sombe, mbegu ya maboga, yote ile iko nayo. Ikiendelea, unarudi, nakutuma kwa daktari. Na ile maneno ya magunia, uambie muntu."

"Nimekuambia wewe."

"Muntu wa kwenu," akasema.

Nikasema ndiyo, ndiyo, nikabeba kisanduku yangu kama muntu amebeba cheo.

Siku za kwanza nilifuata. Kimoja, nyuma ya kula. Mukazo ya miguu, ile yenye kuniamsha usiku, ilipungua, hiyo ni kweli. Nikaanza kuambia bantu wote nimepata dawa ya woga, na njo vile habari ilipanda ndani ya lori ya Patient mpaka kwako. Lakini sasa ikafika siku ya mahari.

Unajua vile ilipangwa. Baba badogo ba Solange, bandugu ya shemeji, mvua ilibafungia kule, bakatuma neno: Ngoie, muyomba wa mutoto, ndugu ya mama yake, njo atakuwa mudomo yetu. Nilijivuna mutaa muzima. Lakini kisha tulisikia nani ataongea upande ya kijana Trésor: tata Tshibangu, baba yake mukubwa, muzee wa Kasai, mwalimu wa zamani. Banasema yule muzee akianza sentensi, unaweza kwenda kuoga, unarudi, iko inaendelea, na haijakosea hata neno moja. Na mambo yote itakuwa mu salon yetu. Unaikumbuka salon yetu, Yaya. Kiti kumi inajaza. Siku ile bantu balikuwa zaidi ya thelathini, na kiti ya heshima, ya muyomba, baliiweka kule ku pembe, mbali na mulango.

Asubuhi nilikamata kisanduku, nikasoma. Na hapa, Yaya, njo elimu ya depo iliniangusha. Ku depo, jiwe iko na teneur yake, ni kusema kiasi ya madini yenye iko ndani. Teneur ndogo, banatupa jiwe yako pembeni na hata hawakusalimii. Teneur kubwa, banakuletea kiti. Nikaangalia namba ku kisanduku, nikaona: ah, hii ni ndogo! Njo maana inanisaidia kidogo! Mama Astride ananipa jiwe ya pembeni. Basi tupandishe teneur. Nikameza vitano. Bila kula, juu roho ilikataa chakula. Na kahawa juu yake, ili vishuke mbio.

Vilishuka.

Bageni balifika saa ine. Tulisalimiana, tulisali, tulikaa. Tata Tshibangu alisimama na kofia mukononi, akaanza. Aliongea juu ya Mungu, akaongea juu ya mugeni, akaongea juu ya ua lenye kijana yao aliliona mu bustani yetu. Miye ku pembe yangu nilikuwa nimebanwa, bega huku, bega huku, ukuta nyuma. Roho ikaanza: dududu. Nikajiambia, tulia, una teneur. Na kweli, kitu kilianza kutembea ndani. Lakini hakikutembea ku roho.

Batoto bao balileta kitenge cha mama, ni kusema chako, Yaya. Ku karatasi yetu ya mahari tuliandika mbili. Balileta kimoja. Tata Tshibangu akaeleza kwamba kimoja hiki ni kizuri kupita viwili vya bantu bengine. Hata sikuwa na mupango wa kukataa. Nilifungua mudomo niseme "Haina neno, muzee," na tumbo ikasema mbele yangu, ndani, kwa sauti ya lori inapanda mulima. Nikafunga mudomo. Nikasimama. Nikapita juu ya miguu ya bantu, bila neno hata moja, nikatoka.

Sasa unajua desturi. Muongeaji wa upande ya binti akitoka nje, ni kwenda kushauriana. Banasema, huyu anaona haitoshi. Upande ya kijana inabaki inaangaliana. Lakini bazee ba kushauriana balikuwa chini ya paa ya karakana, upande wa kulia. Miye nilienda upande wa kushoto, na si kwa kutembea. Ku mulango wa jiko nilikutana na Solange, amevaa, amepakwa mafuta, analinda sahani.

"Muyomba, bazee ba shauri bako upande ule!"

"Shauri yangu iko upande huu!"

Niliporudi, nimenawa uso, kitenge cha pili kilikuwa ku meza.

Nikakaa. Balileta mbuzi ya muyomba. Mbuzi yangu, Yaya! Ilikuwa ndogo, iliingia mu salon yenyewe ikaangalia bantu kama mutoto anatafuta mama. Tata Tshibangu akaanza kusifu akili yake. Nilitaka kusema, muzee, hata paka ingenitosha, tumalize. Tumbo ikakataa. Nikasimama. Bantu bakavuta miguu bila kuombwa, sasa banaheshimu. Nikatoka. Nyuma yangu nikasikia muntu wa upande yao anasema chini chini: "Muyomba anakasirika. Niliwaambia ile mbuzi!"

Niliporudi, balikuwa bameshaahidi ingine, dume yenye ndevu, na kijana wao alitumwa na pikipiki kuileta.

Mara ya tatu sikungojea hata baanze. Na mara ile Solange alinifuata. Alingojea nje ya choo, Yaya, na kitambaa yake nzuri, na niliposhika mulango ili nitoke nilisikia analia.

"Muyomba, unakataa Trésor?"

"Hapana, mutoto."

"Bantu banasema hujawaambia hata neno moja. Banasema unabaangalia kama hakimu. Kama baba angekuwa, angesema. Niambie tu, amekosea nini?"

Yaya, mutoto yako alikuwa amesimama pale na machozi inashuka ku poda, anawaza ndoa yake inavunjika juu ya macho yangu. Ningeweza kuendelea kuwa muntu mukubwa, hakimu, mwenye kukasirika na maana. Nilifungua mulango.

"Solange, ni tumbo."

"Nini?"

"Nilimeza vitano. Vya Mama Astride. Ili nisiogope kuongea."

Aliniangalia. Kisha alikaa chini juu ya ndoo ya maji, na ile nguo, akacheka, analia bado, anacheka, mpaka Charlotte alitoka na mwiko mukononi kuona nani anakufa. Wakati alijua, naye akakaa ku ndoo ingine. Nilibaki miye tu nimesimama, mudomo ya ukoo, na mikono mu maji ya sabuni.

Solange alipanguza macho, akaniletea maji yenye sukari na chumvi kidogo, akasema, "Muyomba, enda ukakae karibu na mulango. Nitaweka kiti." Na kweli, aliingia mwenyewe, mbele ya bageni bote, akahamisha kiti yangu ya heshima mpaka ku mulango, akauacha wazi. Bantu balifikiri ni ishara ingine kali. Tata Tshibangu alisimama tena, na mara hii sentensi yake ilikuwa fupi, ya kwanza fupi mu maisha yake, banasema.

"Muyomba, tumeongeza pia blanketi ya nkambo wa binti, muzee wa ukoo yenu. Tunaomba sasa tusikie sauti yako."

Hewa ilikuwa inaingia ku mulango. Solange alisimama pale, ku kizingiti, nilimuona. Ile maneno yote nilikuwa nimejifunza mbele ya kioo, juu ya mito na madaraja, ilikuwa imekimbia. Nikasimama. Nikasema neno moja.

"Tumepokea."

Yaya, vigelegele ilipigwa mpaka mbuzi ndogo ilikimbia chini ya meza. Kisha tata Tshibangu alikuja kunishika mukono, akaniambia ku sikio, "Nimeongea mahari ya bantu wengi. Muntu mwenye kujua kunyamaza kama wewe, sijamuona." Nikamujibu ni mambo ya shule. Ile dume yenye ndevu ilipofika, niliipeleka nyuma ya nyumba miye mwenyewe, na tulikaa hapo kidogo, yeye anakula majani, miye napumua.

Kesho yake Mama Astride alinipokea ku famasi. Habari ilishafika mbele yangu.

"Nilikuambia ngapi?"

"Kimoja. Lakini mama, teneur yake ilikuwa ndogo."

"Hapa haiko depo ya mawe! Magnezium ikizidi, inakamata njia ya chini. Bwana, una bahati figo zako ni nzima. Mwenye figo mubaya, mambo hii haichezwi!" Alinipima tena tension, akanipa kikombe cha maji, na bantu bote ku famasi balipata somo ya bure.

Tangu pale nimefuata. Kimoja, nyuma ya kula. Kahawa kikombe kimoja, asubuhi, na sipigi magoti mbele ya kingine. Charlotte anapika sombe na karanga ile uliyotuma, na Mama Astride anasema ile sombe peke yake ni famasi. Nawaza mama wetu, hakujua neno magnezium, na alitujaza nayo bila karatasi. Na kama nilivyokuambia ku mwanzo, woga imekwisha.

Sasa mufuko wako, ule Patient atakuletea na barua hii. Ndani kuko vitenge vyako viwili, ujue kila kimoja kilikuja namna gani. Kuko blanketi ya nkambo. Na kuko kisanduku cha magnezium. Nimeandika juu yake na kalamu nyekundu: KIMOJA. Lakini mbele ya kukifungua, kipeleke kwa masista ba dispensaire pale kwenu, bakupime, bakuulize figo na dawa yako ya magoti, juu dawa zingine hazipendi kumezwa pamoja nayo. Bakisema ndiyo, ni kimoja, nyuma ya kula. Usisome namba. Namba iliniua.

Unisalimie nkambo, mwenye kupata blanketi, umwambie asiifiche mu sanduku akingojea kufa, alale nayo leo. Unisalimie baba badogo ba Solange, ubaambie mudomo yao ilifanya kazi, wasiulize sana. Unisalimie jirani yako mama wa mapacha, yenye alikusaidia kupalilia. Unisalimie katekista, mwalimu wetu wa zamani, umwambie nilikumbuka Salamu Maria kumi, na ya saba tu njo ilinisumbua. Na ile mbuzi nyeusi, uiambie nina dume yenye ndevu huku, tunaweza kuongea mahari.

Solange anakubusu ku mashavu yote mbili. Anasema harusi itangojea barabara ikauke vizuri, juu sasa lori ya Patient tu njo inapita, hataingia kanisani bila mama yake.

Ni miye mudogo yako, mwenye kukupenda kupita vile nasema,
Ngoie

Yaya, nilifunga mufuko, Patient alishaupakia, nikamuomba anirudishie. Nimeufungua tena juu ya mistari hii.

Ile niliandika pale juu ku mwanzo ni uongo. Nilitaka uone mudogo yako amepona, ndipo nawe umeze na imani. Lakini utameza, utangojea woga iende, haitaenda yote, na utawaza ni wewe peke yako. Magnezium inanisaidia miguu, na usingizi kidogo. Ile ingine, hapana. Jana lori ilifika ku depo. Simu hailii, Yaya. Haijawahi kulia. Naiweka ku sikio, natoka nje, naongea na hakuna muntu, mpaka bamalize kupanga magunia. Mama Astride alisema niambie muntu wa kwetu, basi nakuambia. Siku ya kwanza, Jumatatu, narudi kwake anitume kwa daktari. Wewe, roho ikikimbia, weka mutwango chini, umuite mama wa mapacha, umwambie.

Sijapona. Ninaogopa bado.